Jina JAH la Marasta: lilitoka wapi, lina maana gani, na makosa yanayorudiwa kila siku

#1 MnaziMkinda

Wakuu, salaam. Swali la maana ya "Jah" linaulizwa hapa mara kwa mara, na majibu mengi yanayotolewa ni ya kusikia kwa watu. Naanzisha uzi huu ili yale yanayothibitika yakae mahali pamoja. Mwenye nyongeza aje nayo, mwenye pingamizi aje na aya.

Jah ni jina la Mungu wa Israeli katika umbo lake fupi. Kwa Kiebrania ni herufi mbili tu, yod na he (יה), na husomwa Yah. Umbo refu lina herufi nne, yod-he-vav-he, nalo limo zaidi ya mara 6,800 katika Biblia ya Kiebrania. Umbo fupi ni adimu: mara 49, au 50 ukihesabu Wimbo Ulio Bora 8:6, ambapo "yah" imeungana na neno la mwali wa moto na wataalamu hawakubaliani kama ni jina la Mungu au ni njia ya kusema "mwali mkali mno". Ukiona mtu anaandika 49 na mwingine 50, ugomvi wao uko kwenye aya hiyo moja.

Mgawanyo wenyewe ni huu: Kutoka mara 2 (15:2 na 17:16), Isaya mara 4 (12:2, 26:4, na 38:11 mara mbili), Zaburi mara 43. Katika hizo 43 za Zaburi, 24 zimo ndani ya neno ambalo kila Mkristo wa Kiswahili analijua: haleluya. Hallelu ni "msifuni", na Yah ndilo jina. Kwa hiyo kwaya inayoimba haleluya Jumapili inalitaja jina lile lile analolitaja Rasta.

Sasa kiini cha uzi. Marasta wa mwanzo hawakulipata jina hili kwa kusoma Kiebrania, wala halikutoka Ethiopia. Walilipata Jamaika, ndani ya Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyotolewa 1611 na kusomwa makanisani na shuleni katika makoloni yote ya Waingereza. Wafasiri wa Biblia hiyo walipokutana na jina la Mungu, karibu kila mara waliweka cheo, LORD, kwa herufi kubwa. Hata haleluya ya kwenye Zaburi waliigeuza kuwa "msifuni BWANA", hivyo Yah ikapotea humo pia. Ikabaki sehemu moja tu katika kitabu kizima ambapo jina fupi linasimama peke yake wazi: Zaburi 68:4, JAH.

Halafu shuka hadi mstari wa 31 wa zaburi hiyo hiyo. Unakuta Ethiopia itainyosha mikono yake kwa Mungu. Zaburi moja inabeba jina Jah na jina Ethiopia. Wahubiri weusi walikuwa wakiushika mstari huo wa 31 vizazi vingi kabla ya Rasta wa kwanza. George Liele, mtumwa aliyepata uhuru wake, alifika Jamaika mwaka 1783 akaanzisha huko kanisa la Kibaptisti lililoitwa la Kiethiopia. Kwa hiyo tarehe 2 Novemba 1930, Ras Tafari Makonnen alipotawazwa Addis Ababa kuwa Mfalme wa Wafalme, Mjamaika aliyeijua Biblia yake hakuhitaji kufundishwa pa kufungua.

#2 BintiMakunduchi

Ahsante kaka kwa uzi. Nimefungua Biblia yangu ya Kiswahili, Union Version, sasa hivi. Zaburi 68:4 haina Jah, ina YAHU. Na mstari wa 31 hauna Ethiopia, una Kushi. Tena hapo mstari wa 4 Kiswahili kinasema apitaye "majangwani", na Kiingereza cha King James kinasema anapanda juu ya mbingu. Hizi ni tofauti tatu ndani ya zaburi moja. Nani kapotosha?

#3 Kalamu ya Mwanzi

Dada, hakuna aliyepotosha, ila kila tofauti ina sababu yake.

Kwanza YAHU. Katika aya hiyo Kiebrania kina herufi mbili tu, kwa hiyo Yah ndiyo iliyo karibu zaidi. Lakini Yahu nayo ni umbo la kweli la jina hilo, linaloonekana zaidi mwishoni mwa majina ya watu. Nabii Eliya kwa Kiebrania ni Eliyahu, "Mungu wangu ni Yahu". Isaya ni Yeshayahu, Yeremia ni Yirmeyahu. Wayahudi waliokaa kisiwa cha Elephantine karibu na Aswan, Misri, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, waliliandika jina la Mungu wao kwa herufi tatu, yod-he-vav, kwenye mafunjo ambayo bado yapo.

Pili, Kushi. Kiebrania kinasema Kush, yaani nchi iliyo kusini ya Misri, Nubia ya zamani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Sudan. Waliotafsiri kwenda Kigiriki kabla ya Kristo waliandika Aithiopia, jina ambalo Wagiriki walilitumia kwa nchi za watu weusi kusini ya Misri. Kilatini kikafuata, na King James nayo ikafuata. Union Version imerudi kwenye Kiebrania. Ndiyo maana hoja ya Rasta, iliyo wazi kabisa kwa msomaji wa King James, inajificha kwa msomaji wa Kiswahili: majina yote mawili yamebadilika sura. Ukimhubiria mtu wa Union Version kwa kutumia Zaburi 68 bila kumweleza hili, hakuelewi, na hana kosa.

Tatu, majangwa na mbingu. Neno la Kiebrania ni aravot, ambalo kwa kawaida ni nyika kavu au jangwa. Lakini mstari wa 33 wa zaburi hiyo unamtaja Mungu akipanda juu ya mbingu za mbingu, na mashairi ya mji wa kale wa Ugarit huko Shamu yana sifa inayofanana sana ya "mpanda mawingu". Ndiyo maana wengine wanasoma mbingu au mawingu. Wote wana hoja.

Angalizo kwa atakayefungua Biblia ya Kiebrania: aya hiyo humo ni 68:5, si 68:4, kwa sababu kichwa cha zaburi kinahesabiwa kama mstari wa kwanza. Wengi hukwama hapo wakadhani jina halipo.

#4 Mwana Nyasa

Wakuu, mbona mnapita njia ndefu? Kuna maandishi mengi yanasema Jah ni Iah, mungu mwezi wa Misri ya kale, Waebrania wakalichukua. Na hapa kwetu tuna neno "jaha". Tukisema kilango cha jaha si tunamaanisha mlango wa peponi? Hii ni asili ya Kiafrika iliyofichwa.

#5 Kalamu ya Mwanzi

Mkuu Mwana Nyasa, tuyapime moja moja.

Neno la Misri la mwezi huandikwa "Iah" kwa herufi za Kilatini na ndiyo maana linafanana machoni. Lakini konsonanti zake ni tatu: ya kwanza inakaribia yod, ya pili ni ile tunayoiita ain kwa Kiarabu, ya tatu ni h nzito ya kooni, kama kwenye "Muhammad" kwa matamshi ya Kiarabu. Yah ya Kiebrania haina ain na h yake ni nyepesi. Kiebrania kilikuwa nazo herufi hizo zote, ain na h nzito. Kama wangelikopa neno lile wangeliandika kwazo. Mfanano huo umezaliwa na tahajia ya Kizungu.

Jaha yetu imetoka kwenye Kiarabu jah, yaani hadhi, cheo, heshima, na Kiswahili kikaipanua hadi baraka na bahati njema. Jim ya Kiarabu na yod ya Kiebrania ni herufi tofauti kabisa. Vilevile wapo wanaosema Jah ni ile "Ya" ya "Ya Allah" na "Ya Rabi". Hilo ni neno la kumwita mtu, kama "ewe". Si jina la yeyote.

Kama unataka Afrika kwenye historia ya jina hili, ipo bila kulazimisha. Kwenye hekalu la Soleb, kando ya Naili kaskazini mwa Sudan, lililojengwa na Farao Amenhotep III katika karne ya 14 kabla ya Kristo, kuna orodha ya watu waliokamatwa, na mmojawapo ametajwa kuwa wa "nchi ya Shasu wa Yhw". Shasu walikuwa wafugaji wa kuhamahama. Wataalamu wengi wanaona huo ndio ushahidi wa kale kuliko wote wa herufi za jina hili, ingawa wengine wanasema hapo ni jina la mahali tu. Na Soleb iko ndani ya Kushi yenyewe. Hiyo ndiyo hoja ya kuweka mezani. Mungu mwezi muache.

#6 BintiMakunduchi

Nimeridhika na jaha, ingawa nilipenda iwe kweli. Sasa mbona Kiebrania ni Yah na Marasta wanasema "Jaa" kwa J ya jembe?

#7 MnaziMkinda

Kwa sababu ya safari ya herufi. Kilatini hakikuwa na J, I ilifanya kazi mbili: irabu, na sauti ya y. Baadaye I ndefu yenye mkia ikatengwa kuwa J, lakini Wajerumani wakaendelea kuisoma y. Waingereza walikuwa wamekwisha kupata sauti ya j kutoka kwa Wafaransa, wakaisoma hivyo kila mahali. King James ya 1611 ililichapa jina hili kwa I, kwa kuwa herufi hizo mbili zilikuwa hazijatengana. Matoleo ya baadaye yakaweka J, na Wajamaika wakaisoma kama Mwingereza alivyoisoma. Ndiyo sababu Yeremia wetu kwao anaanza na j, na Yuda vilevile.

Kwa hiyo anayesema "Jah si sahihi, sema Yah" ana haki kwa upande wa Kiebrania, ila ajue kwamba kwa kanuni hiyo abadilishe pia namna anavyolitamka jina Yesu.

Na hilo la "Yehova" lisichanganywe na Yah. Wayahudi waliacha kulitamka jina la herufi nne, wakasoma Adonai, "Bwana wangu". Wanazuoni wao walipoweka alama za irabu kwenye maandiko, waliweka za Adonai kumkumbusha msomaji. Wakristo wa Ulaya wakasoma konsonanti za neno moja kwa irabu za lingine, ikatoka Yehova. Yah yenyewe haikupitia mkorogo huo. Irabu yake imethibitika, tena he yake ina nukta ndani inayomwamuru msomaji aitamke h hadi mwisho. Matamshi ya umbo refu yanabishaniwa mpaka leo. Ya Yah hayabishaniwi.

Kwa mfano mzuri fungua Isaya 26:4. Kiebrania kina "Yah" ikifuatwa na lile la herufi nne. Union Version imeandika "BWANA YEHOVA". Yah imejificha nyuma ya BWANA.

#8 Mwana Nyasa

Nakubali mkuu, nimeelimika. Sasa "Jah Rastafari" kwa pamoja?

#9 MnaziMkinda

Hapo yameungana majina mawili yenye asili mbili. Jah ni ya zaburi, kama tulivyosema. Ras Tafari ni jina la mtu kabla hajawa mfalme mkuu. Alizaliwa 23 Julai 1892 Ejersa Goro, upande wa Harar. Tafari ndilo jina alilopewa kwao, nalo lina maana ya mwenye kuogopwa, mwenye kuheshimiwa. Ras ni cheo, "kichwa", alichokipata 1916 alipofanywa mrithi na msimamizi wa dola. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni neno lile lile la rasi ya bahari na la rasilimali, kwa kuwa Kiamhari na Kiarabu ni ndugu. Mwaka 1928 akawa Negus, yaani mfalme, na 1930 Negusa Nagast, Mfalme wa Wafalme.

Alipotawazwa alitumia jina lake la ubatizo, Haile Selassie, la Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia: hayl ni nguvu, sellase ni Utatu. Nguvu ya Utatu. Shina la sellase ni la tatu, sawa na theluthi na thelathini zetu.

Jina la harakati lilibaki Ras Tafari kwa kuwa ndilo lililokuwa limeenea. Leonard Howell alianza kuhubiri Jamaika 1933 kwamba mfalme huyo ndiye Masihi aliyerudi, akawa anauza picha zake. Mwaka 1934 alishtakiwa Morant Bay kwa uchochezi akafungwa miaka miwili. Joseph Hibbert, Archibald Dunkley na Robert Hinds walihubiri jambo hilo hilo miaka hiyo hiyo. Hawakuitegemea Zaburi 68 peke yake. Ufunuo 5:5 una Simba wa kabila la Yuda, Ufunuo 19:16 una Mfalme wa Wafalme, na vyeo hivyo walivisoma magazetini kwenye habari za kutawazwa.

Hapa nitie neno. Msemo wa Kigeezi wa wafalme wa Ethiopia, "Moa anbessa ze'imnegede Yihuda", maana yake ni "Simba wa kabila la Yuda ameshinda". Wafalme waliuweka juu ya barua na mihuri yao kama tamko la imani juu ya Kristo, kisha jina la mfalme likafuata. Katika lugha za Ulaya uligeuka kuwa cheo cha mfalme mwenyewe, "Simba Mshindi". Tofauti hiyo ni ndogo kwa jicho, lakini kubwa kwa imani, na kwa Rasta ilifika ikiwa tayari ni cheo.

#10 Kigezi Juu

Habari za humu ndani. Naomba kuongeza la Nyabingi, kwa sababu Marasta wa Jamaika wanalitaja pamoja na Jah na wengi hawajui kwamba limetoka huku kwetu mpakani mwa Uganda na Rwanda.

Nyabingi ni roho wa kike aliyeheshimiwa Ndorwa, Mpororo na Kigezi. Jina lina maana ya "mwenye vingi". Waliosema kwa niaba yake waliitwa bagirwa, wengi wao wanawake. Maarufu kuliko wote ni Muhumusa, aliyewapinga wakoloni mpaka Waingereza wakamkamata 1911 na kumweka kizuizini Kampala hadi alipofariki 1945.

Lilifikaje Jamaika? Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Desemba mwaka huo gazeti la Jamaica Times lilichapa makala ya propaganda iliyodai kuwa kuna jeshi la siri la watu weusi liitwalo "Nya-Binghi", lenye mamilioni, na kwamba Haile Selassie ndiye mkuu wake. Lengo lilikuwa kuwatia Wazungu hofu. Madai ya mfalme wa Ethiopia kuongoza Nyabingi hayakuwa na ukweli wowote. Lakini Marasta waliyasoma kwa furaha, wakalichukua jina, na leo ni jina la kundi lao kongwe na la mikesha yao ya ngoma tatu: besi, funde na repita.

Kwa hiyo msichanganye. Jah ni jina la Mungu. Nyabinghi ya Jamaika ni ibada na kundi. Nyabingi ya Kigezi ni roho. Mtu akiandika kwamba Marasta "wanamwabudu Nyabingi" amekosea bahari nzima.

#11 BintiMakunduchi

Shukrani sana Kigezi Juu. Swali langu la mwisho ndilo gumu: Rasta anaposema Jah, anamaanisha Haile Selassie, au Mungu wa mbinguni? Na mfalme mwenyewe alisemaje?

#12 Kalamu ya Mwanzi

Inategemea unamuuliza Rasta wa makao gani, yaani wa kundi gani, na hapa ndipo watu wa nje hukosea kwa kuwaweka wote kapu moja.

Wa Nyahbinghi kwa kawaida wanashikilia kwamba Haile Selassie ni Jah katika mwili. Wa Bobo Ashanti, walioanzishwa na Prince Emmanuel Charles Edwards 1958, wana utatu wao: Marcus Garvey, Mjamaika mtetezi wa watu weusi, ni nabii, Emmanuel ni kuhani, Selassie ni mfalme. Wa Makabila Kumi na Mawili ya Israeli, ya Vernon Carrington tangu 1968, wanasoma Biblia sura moja kwa siku, wanamkiri Yesu Kristo, na wanamwona Haile Selassie kuwa wa ukoo wa Daudi, Kristo akidhihirika katika ufalme. Katiba ya Ethiopia ya 1955 yenyewe iliandika kwamba nasaba ya mfalme inatoka kwa Menelik wa Kwanza, mwana wa Sulemani na malkia wa Sheba.

Kwa walio wengi, kuuliza "ni huyu au ni yule" ni kuuliza vibaya. Jah kwao yumo ndani ya mtu, na ndiyo maana ya "mimi na mimi" yao, wanaposema I and I badala ya mimi na wewe.

Mfalme alikuwa Mkristo wa Tewahedo, Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Alizuru Jamaika 21 Aprili 1966, umati ukamlaki uwanja wa ndege, na siku hiyo inaadhimishwa mpaka leo. Mwaka 1967, akihojiwa na shirika la utangazaji la Kanada, alisema waziwazi kwamba yeye ni mwanadamu, atakufa, na wasimdhanie kuwa ametoka kwa Mungu. Mwaka 1970 Abuna Yesehaq aliletwa Jamaika kujenga Kanisa la Ethiopia, nalo likabatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, si kwa jina la mfalme. Baadhi ya Marasta walibatizwa, wengine wakakataa. Bob Marley alibatizwa humo Novemba 1980, akapewa jina Berhane Selassie, "Nuru ya Utatu".

Na wanaodhani Waethiopia nao husema Jah: hapana. Wao husema Egziabher, "Bwana wa nchi". Zaburi yao ya Kigeezi ilitafsiriwa kutoka Kigiriki, na Kigiriki kilikwisha kuiweka "Bwana" mahali pa Yah. Marasta wengi wameliongeza Egziabher kwenye maombi yao kwa heshima ya Ethiopia, lakini hawakuiacha Jah.

#13 Mwana Nyasa

Ile "I" ya "Selassie I" inasomwaje? Nasikia wanasema "Selasi-ai".

#14 MnaziMkinda

Ndivyo. Kwenye nyaraka za kifalme hiyo ni namba ya Kirumi, "wa Kwanza". Rasta anaisoma kama herufi, "ai", ambayo kwa Kiingereza ni "mimi". Kwao sauti ya neno ina nguvu, hivyo jina la mfalme linamalizikia kwa "mimi" ya anayelitamka. Kutoka hapo wakaipandikiza ai kwenye maneno mengine: ital kwa chakula kisichotiwa chumvi wala nyama, inity kwa umoja, idren kwa ndugu. Ukiandika habari zao kwa Kiswahili, acha "Selassie I" kama ilivyo ukinukuu salamu au sala yao. Ukiandika historia ya Ethiopia, andika "Haile Selassie wa Kwanza".